Kuvisha sanamu ndogo: rangi zote ziingie mapema, urembo ungoje

Mtu anaposhika sanamu ndogo kwa mara ya kwanza, jicho lake huenda usoni, na mkono hufuata jicho. Ndiyo maana wengi wanaoanza kazi hii huanza na macho, nyusi na midomo, wakaumaliza uso mzima ilhali shati, suruali na mzigo bado ni mti mtupu. Mwongozo huu unaeleza njia iliyo kinyume na hiyo, yaani kuipa sanamu nzima rangi zake zote za msingi, bapa na nyembamba, tangu kikao cha kwanza, kabla sehemu yoyote haijapambwa. Mimi huiita hatua hiyo kuvisha, kwa sababu inafuata utaratibu uleule ambao mtu huufuata anapovaa asubuhi, na kwa sababu sanamu iliyokwisha kuvikwa, hata kama haina macho, tayari inajulikana ni nani na anafanya nini.

Mfano nitakaoutumia ni seti ninayoitengeneza mara nyingi hapa Moshi, nayo ni msafara wa kupanda Kilimanjaro wenye watu wanane: kiongozi mmoja, mpishi mmoja, na wapagazi sita, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe njiani, waliojitwika mizigo kichwani. Kila mmoja ana urefu wa sentimita sita hivi. Wamechongwa kwa mti wa mjakaranda, ambao ni mweupe, mwepesi na laini kwa kisu, na ambao wakazi wa Arusha na Moshi wanaujua zaidi kwa maua yake ya zambarau yanayotapakaa barabarani. Wanaopaka sanamu za plastiki za milimita 28, zile za michezo ya mezani, watafuata hatua hizi hizi. Tofauti ipo kwenye maandalizi tu, nami nitaitaja mahali pake.

Kwa nini mapema

Rangi haijulikani ikiwa peke yake. Katika karne ya 19, mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa hafifu. Alizichunguza na kukuta weusi wake hauna kasoro. Kilichoudhoofisha ni rangi za nyuzi zilizofumwa kando yake, kama vile bluu na zambarau. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839, na ukweli wake unaonekana hata kwenye sanamu inayoenea kiganjani. Ngozi ya maji ya kunde iliyopakwa vizuri huzama ikikaa karibu na koti la damu ya mzee, na ngozi hiyo hiyo, bila kuguswa tena, huchangamka ukibadilisha koti kuwa la samawati. Anayemaliza uso kabla ya koti amechagua rangi ya uso bila kujua jirani yake atakuwa nani.

Nililijua hili kwa hasara. Katika seti yangu ya kwanza ya kuagizwa nilitumia jioni nne kwenye nyuso peke yake, nikaweka kivuli chini ya mashavu na nuru kwenye paji la uso, nikaridhika. Nilipoweka makoti, yote ya damu ya mzee kama mteja alivyotaka, nyuso zote nane zilipotea ukizitazama kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa. Ilinibidi nizipake upya kwa rangi iliyo nyeupe zaidi kidogo, juu ya rangi ambayo tayari ilikuwa na tabaka tatu au nne, na mikato midogo ya kisu iliyounda midomo na kope ikajaa rangi ikapotea. Mchongaji alikuwa ametumia muda mwingi kuliko mimi kuzipata nyuso zile, na mimi ndiye niliyezifuta. Laiti ningeweka makoti mapema, ningeliona tatizo likiwa bado la dakika kumi.

Utaratibu huu si mgeni kwetu hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa, za aina iliyopakwa kwenye baiskeli, juu ya vipande vya mbao nyembamba za kujengea. Mafundi wa mtindo wake, ambao kazi zao zinauzwa hadi leo katika maduka ya vinyago ya Arusha, huanza kwa kujaza uwanja wote wa nyuma, hufuatisha mwili wa mnyama kwa rangi bapa, na madoa, manyoya na macho huja mwishoni. Anayepita karibu na fundi anayefanya kazi asimame amtazame kwa nusu saa. Atajifunza mambo mengi kuhusu kugawa rangi.

Kuandaa sanamu

Kwa sanamu ya mti, tumia msasa namba 240 kuondoa alama za kisu zisizotakiwa, kisha namba 400 kulainisha, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mti. Ondoa unga kwa mswaki wa zamani na kitambaa chenye unyevu. Katika miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari, vumbi la Moshi hukaa juu ya kila kitu, kwa hiyo usiache sanamu wazi kati ya kazi moja na nyingine. Sanamu ya plastiki haihitaji msasa mwingi. Inahitaji kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa hubaki na mafuta ya kalibu ambayo huikataa rangi, na mistari ya maungio ikwanguliwe kwa wembe.

Usiishike sanamu yenyewe wakati wa kupaka. Ibandike kwa gundi juu ya kizibo kipana au kipande cha mbao kinachojaa mkononi, kisha shika hicho. Mafuta ya vidole huharibu rangi iliyokauka nusu, na mkono usio na kitu imara cha kushika hutetemeka.

Rangi ya chini kabisa iwe ya kijivu cha wastani, isiyong'aa. Kwa mti mimi hutumia rangi nyeupe ya maji ya ukutani niliyoitia nyeusi kidogo na kuizimua, nikapaka mara mbili. Baada ya tabaka la kwanza vinyweleo vya mti husimama. Subiri kukauke, pitisha msasa wa 400 kwa mkono mwepesi, ndipo uweke la pili. Kwa plastiki tumia praima ya kupuliza, kwa sababu rangi ya ukutani haishiki vizuri juu yake. Wapo wanaopenda kuanzia nyeupe, na wapo wanaoanzia nyeusi, lakini kwa kazi ya kugawa rangi nashikilia kijivu. Juu ya nyeupe kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, na juu ya nyeusi rangi nyingi za njano na nyekundu, ambazo hupitisha nuru, hufifia hadi uzirudie mara nne au tano. Kijivu hakizidishi wala hakipunguzi.

Mpango: mji, pindo na jina

Kabla ya kufungua chupa yoyote, amua rangi zitagawanywa vipi. Kielelezo kizuri kuliko vyote ninavyovijua ni kanga. Kanga ina mji, yaani uwanja mpana wa katikati. Ina pindo linaloizunguka. Na ina jina, ule mstari mwembamba wa maneno ambao, pamoja na udogo wake, ndio jicho linaoutafuta. Sanamu nayo ipewe vitu hivyo vitatu: rangi moja inayoshika sehemu kubwa, ya pili inayoisaidia katika sehemu ndogo zaidi, na ya tatu kali inayotokea mahali pachache tu. Ngozi hesabu pembeni, kwa kuwa haichaguliwi kama nguo, lakini usiisahau unapochagua majirani zake.

Kwa msafara wangu, mji ni bluu iliyokoza ya makoti, pindo ni rangi ya kaki ya suruali na viroba, na jina ni rangi ya chungwa kwenye kofia na kamba za mizigo. Kiongozi nimempindulia mpango: koti lake ni la chungwa na kofia yake ni ya bluu. Hivyo yeye ni wa kundi lile lile, na papo hapo anatambulika kuwa ndiye anayeongoza, bila kuhitaji alama nyingine yoyote.

Asiyejiamini kuchagua rangi aende kwa fundi cherehani aombe mabaki ya vitenge. Vipande vitano au sita, vikipangwa juu ya meza karibu na sanamu ya kijivu, vitamfundisha haraka rangi zipi zinapatana, kwa sababu mbunifu wa kitambaa amekwisha kulitatua tatizo hilo hilo. Chagua kipande kimoja, toa rangi tatu ndani yake, na uangalie ni ipi kipande chenyewe kimeipa nafasi kubwa. Tamaa ya kuongeza rangi ya nne na ya tano ni kubwa, hasa mtu akiwa na chupa nyingi. Naishauri ikataliwe mpaka seti ya tatu au ya nne.

Kuvisha kwenyewe

Anza ndani uje nje, kama mtu anavyovaa: ngozi kwanza, kisha shati linalochungulia shingoni, suruali, koti, viatu, kofia, na mwisho mzigo na kamba zake. Faida yake ni kwamba brashi inapokosea, nayo itakosea, kosa huangukia sehemu ambayo bado haijapakwa. Rangi ya ngozi iliyovuka na kugusa ukosi wa koti itafunikwa na koti lenyewe. Anayeanza na koti kisha akarudi shingoni atakuwa anasahihisha huku na huku jioni nzima.

Paka rangi moja kwa sanamu zote nane kabla ya kuchukua rangi nyingine. Changanya ya kutosha mara moja, maana mchanganyiko wa leo hauji sawasawa na wa kesho, na inayobaki iweke kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa, chenye mfuniko unaobana. Kwa kawaida, ukimaliza sanamu ya nane, ya kwanza imekwisha kukauka na iko tayari kwa tabaka la pili.

Rangi ninayoizungumzia ni ya akriliki, inayozimuliwa kwa maji. Uzito wake uwe wa maziwa mabichi, usiwe wa mtindi. Ipime kwenye ukucha wa kidole gumba: ikifunika ukucha bila kutiririkia pembeni, inafaa, ikiacha michirizi minene, ongeza tone la maji. Tabaka mbili nyembamba huacha mikato ya mchongaji ikionekana, na tabaka moja nene huizika. Kwa kuwa joto la mchana hukausha rangi kwenye sahani kwa dakika chache, weka tishu zilizolowa maji kwenye sahani bapa, tandika juu yake karatasi ya kuokea keki, na uchanganyie rangi hapo. Unyevu hupanda polepole kupitia karatasi, na rangi itakaa saa kadhaa ikiwa laini.

Brashi iwe namba 2 yenye ncha kali. Wengi hukimbilia brashi ndogo kabisa wakidhani kazi ndogo inataka kifaa kidogo, lakini brashi ya namna hiyo haibebi rangi ya kutosha, na hukauka kabla haijaifikia sanamu. Kinachochora mstari mwembamba ni ncha, si unene wa tumbo la brashi. Usiizamishe hadi kwenye chuma, na usiilambe ili kuichongoa. Baadhi ya rangi zina kemikali ambazo mdomo haupaswi kuzijua. Izungushe kwenye tishu.

Mahali panapowashinda wengi ni mpaka wa rangi mbili, na mfano mzuri ni mpagazi aliyeinua mkono kushikilia mzigo, ambapo mkono wa koti unakutana na kiganja karibu kabisa na sikio. Chovya brashi, ipitishe mara moja kwenye tishu ili ipungue, kisha iguse juu ya koti milimita mbili kabla ya kufika mpakani. Tone dogo la rangi litatua hapo. Sasa lisukume kuelekea kiganjani kwa ubavu wa brashi, polepole, ukiizungusha sanamu na si mkono wako, mpaka ukingo wa lile tone uguse mstari aliouchonga mchongaji. Rangi itasimama yenyewe kwenye mkato. Kwa njia hiyo huchori mpaka. Unaufuata tu ule ambao tayari upo.

Katika hatua hii usisahihishe kitu. Doa la bluu kwenye kidevu cha sanamu ya tano libaki hapo hadi mti wote uwe umefunikwa, kwa kuwa kila dakika inayotumika kusafisha doa ni dakika ya kuchelewa kuona jinsi rangi zinavyokaa pamoja, na lengo la kikao cha kwanza ni kuona hilo tu.

Kutazama na kubadilisha

Sanamu zote zikishafunikwa, zipange juu ya meza karibu na dirisha, rudi nyuma hatua tatu, na ufinye macho hadi sura zipotee na yabaki mabaka tu. Jiulize jicho limeenda wapi kwanza. Kisha zipige picha kwa simu na uondoe rangi kwenye picha hiyo, ibaki nyeusi na nyeupe. Kama koti na suruali vimekuwa kijivu kimoja, basi vinatofautiana kwa jina la rangi tu na si kwa uzito, na kutoka mbali vitaonekana nguo moja. Punguza au ongeza weupe katika kimoja. Fanya ukaguzi huu kwa mwanga wa mchana. Taa yenye mwanga wa manjano hufifisha bluu na kulitia nguvu chungwa, na ukiamua usiku utajuta asubuhi. Siku za Juni na Julai, mawingu yanapoufunika Mlima, mwanga wake ni tulivu na hauna kivuli kikali, na kwa kazi hii siuoni wa kuushinda, ingawa rangi huchelewa kukauka kwa baridi.

Katika seti niliyoimaliza karibuni nilikuwa nimeweka chungwa kwenye viroba vyote sita. Nilipofinya macho niliona viroba sita vinavyotembea, na watu chini yake hawakuonekana. Nilivipaka kaki na kuliacha chungwa kwenye kamba na kofia tu, na papo hapo jicho likateremka kutoka kwenye mizigo hadi kwenye nyuso. Kazi hiyo ilinichukua muda mfupi sana, na sikuwa na cha kusikitikia, kwa sababu hakukuwa na kivuli wala mshono niliouharibu. Badilisha bila huruma katika kipindi hiki, kwa kuwa kila kitakachofuata kitaifanya rangi iwe ngumu zaidi kubadilishwa.

Baada ya kuvisha

Sasa safisha mipaka, ondoa madoa, na uanze vivuli. Kwa nguo, chukua rangi ile ile ya msingi, itie giza, izimue hadi iwe kama chai ya rangi, na uiache itiririke kwenye mikunjo. Ikikauka, rudishia rangi ya msingi kwenye sehemu zilizoinuka.

Ngozi inataka uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelezo mengi yaliyopo yaliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Usitie giza kwa rangi nyeusi. Huifanya ngozi iwe kama iliyopakwa masizi. Tia bluu kidogo au zambarau ndani ya kahawia, na kivuli kitakuwa na uhai. Kwa nuru, usitumie nyeupe. Nyeupe ikichanganywa na kahawia huleta rangi ya jivu, na mpagazi wako ataonekana amepauka kama mtu aliyekaa kwenye upepo wa Julai bila kujipaka mafuta. Ongeza chungwa, kisha njano kidogo, na uweke nuru hiyo kwenye paji la uso, pua, mashavu na vifundo vya vidole. Tena, watu wanane wasiwe na kahawia moja. Katika msafara wa kweli yupo wa maji ya kunde, yupo mweusi wa kung'aa na yupo mweupe kidogo. Gawanya mchanganyiko wako wa ngozi mara tatu tangu siku ya kuvisha, uongeze nyekundu katika fungu moja na bluu katika jingine, na kundi litaonekana la watu waliozaliwa kwa mama mbalimbali.

Macho huja mwisho. Kwa sanamu ya sentimita sita yanatosha kuwa na mstari wa kahawia iliyokoza, weupe usio safi juu yake, na nukta moja ya giza inayogusa kope ya juu, maana nukta inayoelea katikati ya weupe humfanya mtu aonekane ameshtuka. Kwa sanamu ya milimita 28, mara nyingi kivuli kizuri chini ya nyusi kinatosha.

Vanishi iwe isiyong'aa, nayo ipakwe rangi ikiwa imekauka kabisa, angalau baada ya usiku mmoja. Ya kupuliza ni nzuri wakati wa ukavu, lakini katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu wa hewa unaweza kuigeuza ukungu mweupe juu ya kazi yote. Nikiwa na seti ya kumaliza mwezi Aprili, hutumia vanishi ya maji kwa brashi laini, tabaka mbili nyembamba, kisha huzifunika sanamu kwa beseni hadi asubuhi ili vumbi lisizifikie. Ndipo huzing'oa kwenye vizibo, na kuupaka ukingo wa kitako cha kila moja rangi ya udongo, ile inayoelekea wekundu, ambayo wapagazi wenyewe hurudi nayo kwenye viatu vyao.